Mbali, Karibu, Klosi

Kwenda mbele kila mtu anajua, na wapo ambao kwa kujua hilo tu wanajiona wajanja. Kinyume alijua kurudi nyuma. Usicheke kwanza. Hebu jaribu wewe, hapo hapo ulipo, ubebe kioo kirefu kuliko kitanda chako, utangulize kisogo, upite mlangoni, ushuke ngazi, uzunguke nguzo, na shingo usiigeuze hata mara moja. Ukifika salama, rudi tucheke pamoja.

Jina hilo alilipata karakanani, likamganda mpaka nyumbani. Wazazi wake walikuwa wamempa jina zuri tu, lakini hata mkewe akikasirika alimwita Kinyume, na akifurahi vilevile. Alikuwa fundi vioo. Madirisha, milango ya maduka, vioo vya kujitazamia vya ukuta mzima, vyote vilipita mikononi mwake, na mikono yenyewe ilijaa alama ndogo ndogo za kukatwa ambazo alishasahau zilikotoka. Mtu mfupi, mpole, mgongo mpana. Ukimtania anacheka kwanza, jibu analitafuta kesho yake.

Sasa sikiliza kazi yenyewe inavyokwenda, maana bila hiyo hutaelewa mtu huyu alitendwa nini. Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili. Kinalazwa kwa ubavu, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, ukingo wa juu unawafika kifuani, nyuso zinatazamana. Mmoja anakwenda mbele na njia anaiona. Mwingine anakwenda kinyumenyume, na kitu pekee anachokiona ni uso wa mwenzake. Kwa hiyo anayeona humwita asiyeona, na maneno ya kuita ni matatu tu. "Mbali" maana yake nenda, huna cha kuogopa. "Karibu" maana yake punguza mwendo, kuna kitu nyuma yako, ukuta au nguzo au kizingiti. La mwisho ni "klosi." Hilo likitamkwa unasimama hapo hapo, hata kama mguu uko hewani, kwa sababu kati ya mgongo wako na hicho kitu kumebaki upana wa kiganja.

Neno hilo lililetwa na Mzee Dole, aliyemfundisha Kinyume kazi. Mzee huyo aliitwa hivyo kwa kuwa vidole vyake kadhaa vilishapotelea kwenye vioo, dole gumba likawa linafanya kazi ya wenzake. Klosi alilisikia kwa wajenzi wageni enzi za ujana wake, akalichukua kama lilivyo. Wanaokijua Kiingereza wanasema huko kwao neno hilo linatumwa kila mahali: ndugu wa damu ni klosi, rafiki wa siri zako ni klosi, mechi ambayo timu zimefukuzana bao kwa bao ni klosi, hata chumba kisichopitisha hewa eti nacho ni klosi. Mzee Dole hayo hakuyajua wala hakutaka kuyajua. Kwake neno lilikuwa na kazi moja, na aliyelitamka ovyo alikula kofi la kisogoni. Anayeita haongei habari nyingine, haimbi, wala habandui macho njiani. Anayeitwa hageuki. Shingo ikigeuka bega linafuata, bega likifuata kioo kinajipinda, na kioo hakijui kujipinda. Wewe unayetaka kuangalia nyuma, alikuwa akifoka, nenda kauze nyanya.

Mzee Dole alipochoka akarudi kwa wanawe, na Kinyume akabaki bila mwenzake wa kubeba naye. Ndipo akaja kijana mrefu, mcheshi, meno nje muda wote, mtu wa kumsalimia hata ambaye hajamwona. Kazi alikuwa haijui. Kinyume akamchukua. Alimfundisha kukata, akamfundisha kupaka puti, ule udongo laini unaogandisha kioo kwenye fremu, halafu akamfundisha kuita. Kwa miezi alikuwa anarudi nyuma na vipande vya vioo chakavu, yule kijana akiita, akikosea wanaanza upya. Kijana alijifunza haraka, hilo tusimnyime. Sauti yake ilikuwa nzuri kwa kuita, nzito, haipandi wala haishuki.

Mchana Kinyume alimkaribisha kula kwake, kwa kuwa alikuwa anakaa peke yake na kula mikate mikavu. Huko ndiko alikomwona mdogo wake Kinyume, binti aliyelelewa na kaka yake tangu wazazi walipofariki. Basi habari ikaishia pale habari hizo zinapoishia. Kijana akaoa, na tangu siku hiyo karakana nzima ikamwita Shemeji, hata wale ambao hawakuwa na dada wa kumpa. Chumba cha jirani na Kinyume kilipobaki wazi, Kinyume mwenyewe ndiye aliyekwenda kumbembeleza mwenye nyumba asiwape watu wengine. Akawapaka rangi, akawawekea kioo cha dirisha kipya, akawatengenezea cha kujitazamia chenye maua pembeni. Ukuta mmoja ukawatenganisha, na ukuta wenyewe mwembamba, mtu akipiga chafya huku anaombewa afya kule.

Neno la karakanani likahamia nyumbani. Mke wa Kinyume akitaka kusema chai inakaribia kuchemka alisema maji yako klosi. Alipoulizwa habari za wifi yake alijibu, mimi na wifi yangu klosi, akigonganisha vidole viwili. Kinyume alipenda kulisikia likichezewa hivyo. Mbele za watu alikuwa akisema kwamba kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kumtembeza jabalini huku amefumba macho, na huyo ni shemeji yake. Alisema hivyo mara nyingi mpaka mkewe akaanza kumnunia.

Hebu niseme kitu hapa, maana kinaniuma. Si kwamba Kinyume alikuwa mjinga. Ukifanya kazi ya kurudi nyuma, unachagua mtu wa kumwamini, ukishamchagua umekwisha. Huwezi kumwamini nusu. Miguu haikubali.

Sasa tajiri wao, yaani mwenye karakana, akapata kazi kubwa ya duka jipya la nguo ambalo kuta zake zote zilitakiwa kuwa vioo vya kujitazamia. Akatangaza kwamba kazi hiyo ikiisha atachagua msimamizi wa mafundi, yeye amechoka kukimbizana na kila jengo. Kila mtu alijua cheo kiko kati ya wawili, Kinyume au Shemeji. Wao wenyewe walilitania jambo hilo. Kinyume alimwambia mwenzake kwamba kikiingia chumba hiki au chumba kile ni mamoja, watakula wote. Na alimaanisha. Mkewe aliyesikia upande wa pili wa pazia alisonya.

Siku ya kioo cha mwisho, Shemeji alikuja amevaa shati jipya, jeupe, la mikono mirefu, shati ambalo fundi vioo hana kazi nalo. Tajiri alikuwepo na mwenye duka, wamesimama pembeni. Kuta tatu zilishajaa vioo, na ndani ya duka mlikuwa na mafundi wengi kuliko waliokuwemo, kwa kuwa kila mmoja alionekana mara tano. Wakanyanyua. Shemeji akaita mbali, mbali, Kinyume akarudi taratibu, miguu ikijua kazi yake. Nyuma yake katikati ya ukumbi kulikuwa na nguzo. Alijua ipo, ila anayerudi nyuma hahesabu hatua, anangoja neno.

Akasikia karibu. Akapunguza mwendo. Halafu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yote ile: macho ya Shemeji yalitoka njiani. Yalikwenda pembeni, ukutani, kwenye kioo, na huko yakakutana na mwenyewe ndani ya shati jeupe. Akainua kidevu kidogo. Akajitazama vizuri. Kinyume aliyaona hayo yote na bado hakusimama, kwa sababu neno halikuja, na neno lisipokuja maana yake nafasi ipo.

Mgongo ukagonga nguzo. Kioo kikalia mara moja tu, kikamwagika chini chote, na kipande kimoja kikamchana Kinyume kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Watu wakakimbia. Tajiri akauliza kumetokea nini. Na kabla Kinyume hajafumbua kinywa, Shemeji alikwishasema, kwa ile sauti yake nzuri isiyopanda wala kushuka:

"Nimeita, shemeji. Nimeita klosi. Hukunisikia?"

Loo. Fikiria uko chini, damu inakutoka, na mtu wako anakuuliza swali hilo kwa upole, mbele ya watu, huku ameshakushika mkono anakufunga kitambaa. Kinyume alimtazama. Kwa muda mfupi aliyashuku masikio yake mwenyewe. Alijiuliza kama kweli neno lilitamkwa likampita. Tajiri na mwenye duka walikuwa wakibishana bei, mafundi wengine walikuwa mlangoni wakishusha fremu, hakuna aliyesikia lililoitwa wala lisiloitwa. Walikuwa wawili tu waliojua, na mmoja alishasema.

Akanyamaza. Alifikiri shemeji yake ameshikwa na woga, ameropoka, na jioni watakaa wawili atamwomba radhi, halafu kesho wataona namna ya kumwambia tajiri. Jioni ikafika. Shemeji akaja na dawa ya kidonda, akampa pole, akamfunga bandeji upya, akakaa, akazungumza habari za mpira, akaaga. La nguzo hakuligusa. Kinyume akakaa anautazama mlango uliofungwa, chai ikapoa mbele yake.

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alisema Kinyume asibebe tena vioo vikubwa mpaka masikio yake yapimwe, kwa wakati huo akae kwenye meza ya puti. Basi Kinyume akaenda kupimwa. Muuguzi akasimama nyuma yake, akanong'ona maneno, na Kinyume akayarudia yote, hata yale ambayo muuguzi alimnong'oneza mwenzake wa mlangoni kuhusu nywele za daktari. Masikio mazima. Akarudi karakanani na furaha kwamba sasa mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yameanza. Watu wakasema, kama masikio ni mazima, basi alisikia akapuuza. Kiburi. Mzoefu sana siku hizi, hasikii la mtu. Bora angekuwa kiziwi, wangemhurumia.

Na hapo ndipo ujue alichopoteza. Cheo hakikumkosesha usingizi. Alichotaka Kinyume ni kurudi kubeba, na fundi anayejulikana kwamba hatii neno hakuna wa kushika naye ncha ya pili. Nani atathubutu? Kioo kikivunjika hakichagui mkono wa kukata. Waliokuwa wakigombania kubeba naye wakawa wanamkwepa kwa adabu, huyu mgongo unauma, yule ameitwa nje. Akabaki kwenye meza ya puti, kazi ya wanaoanza, akibonyeza puti kwa dole gumba pembezoni mwa madirisha, huku wenzake wakipita na vioo na maneno yale matatu yakiitwa na midomo mingine.

Mkewe alimwaga moyo wake wote. Alimtaka aende kwa tajiri aseme kweli, na kama yeye hawezi basi atakwenda mwenyewe na kanga kiunoni. Kinyume akamwomba angoje. Sababu yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mdogo wake alikuwa mjamzito, baada ya kungoja muda mrefu, na daktari alishamwambia atulie asipate mshtuko. Kinyume alisema mtoto azaliwe kwanza. Mkewe akamjibu kwamba mtoto atazaliwa na atamkuta mjomba wake ameshafanywa zulia. Alikuwa na haki, ila alisema kwa ukali mno, wakanuniana.

Kisha mdogo wake akaja. Alikuja asubuhi Shemeji alipokuwa ametoka, akakaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika tumbo lake, akatazama bandeji. Alisema haelewi. Kaka yake anamjua, na masikio yake anayajua, utotoni alikuwa akisikia panya dukani kwa jirani.

"Niambie ukweli, kaka. Mume wangu aliita au hakuita?"

Kinyume alimwangalia yule mtoto ambaye yeye mwenyewe alimvisha viatu vya shule, akamsuka nywele vibaya mpaka majirani wakacheka.

"Aliita," akasema. "Mimi ndiye sikusikia."

Binti akashusha pumzi, akatabasamu, akaomba chai. Kinyume alimtilia chai akidhani ameokoa kitu. Alifikiri uongo ule utalala mle chumbani kati yao wawili, kama siri nyingine walizokuwa nazo ndugu wale.

Haukulala hata siku moja. Mdogo wake alimwambia mumewe, kwa nia njema kabisa, ili amwondolee wasiwasi. Na Shemeji, badala ya kuona haya, badala ya kukimbilia chumba cha pili akapige magoti, aliubeba mpaka karakanani. Pale walipokuwa wakinywa maji, fundi wa fremu, mtu mmoja mnyoofu asiyeamini maneno kirahisi, alisema tena kwamba jambo lile haliingii akilini, Kinyume si mtu wa kutosikia. Shemeji akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema hata yeye lilimuumiza, lakini afanyeje, mwenyewe amekiri kwa dada yake. Waulizwe nyumbani.

Kinyume alikuwa kwenye meza ya puti, kisogo kikiwaelekea. Alisikia kila neno. Dole gumba likabonyeza kioo mpaka kikapasuka. Nguzo angeweza kuisamehe, maana mtu anaweza kujiangalia kwenye kioo, ni udhaifu, nani hana. Hata lile swali la mbele ya watu angelisamehe, woga ni woga. Lakini hili la kuchukua alichompa dada yake na kukifanya fimbo, hapana. Hilo lilimkata maini. Siku ile alirudi nyumbani kwa njia ndefu, na alipofika akalala akiwa ameelekea ukutani, halafu akakumbuka ukuta huo ni wa nani, akageuka.

Shemeji akafanywa msimamizi. Jioni moja aliwakaribisha jamaa kumpongeza, na ukuta ukafikisha kila kitu. Kinyume alimsikia akihadithia kisa cha nguzo. Safari hii kilikuwa kimenoga, kimetiwa chumvi, na inaelekea alikuwa akiigiza kabisa, anarudi nyuma na mkono sikioni, maana wageni walivunjika mbavu. Katikati ya vicheko hivyo Kinyume alikitambua cha mdogo wake. Hakuwa na ubaya, maskini. Alicheka kwa kuwa aliambiwa ni kweli, na aliyemwambia ni kaka yake mwenyewe.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima. Kinyume akampakata. Mkewe akamtazama kwa macho ya kuuliza, haya, sasa. Kinyume akasema bado, mzazi apate nguvu kwanza. Ukweli ni kwamba alishachoka. Alishaona kwamba akisema sasa, baada ya kusema vile, nani atamwelewa.

Halafu likaja jambo la kioo cha hoteli. Kilikuwa kioo kimoja kirefu na kizito, cha kuwekwa ukumbini, na kilitakiwa kitolewe karakanani na kupakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo. Mafundi wa kubeba walikuwa kwenye majengo mengine. Waliobaki walikuwa fundi wa fremu aliyevunjika kidole, wakataji wawili wazee, dereva wa lori, Shemeji na Kinyume. Tajiri akaja mwenyewe, ana haraka, akatazama huku na huku. Akasema Shemeji na Kinyume wabebe, hakuna namna. Na kwa kuwa Kinyume akiitwa hasikii, akaongeza bila ubaya, basi yeye aende mbele aite, na msimamizi arudi nyuma.

Uso wa Shemeji ulibadilika. Alisema labda wangoje wengine. Tajiri akasema hoteli haingoji. Shemeji akasema mkono wake umeshtuka. Tajiri akamuuliza umeshtuka saa ngapi, mbona asubuhi ulikuwa unatuonyesha namna ya kunyanyua. Basi hakukuwa na njia. Kinyume akavaa glavu zake, ngumu kwa kukaa muda mrefu, akashika ncha yake. Wakanyanyua. Nyuso zikatazamana juu ya ukingo wa kioo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kutoka mezani mpaka lorini kulikuwa na uwanja mdogo, halafu mlango mkubwa wa karakana, na kwenye mlango huo nguzo ya chuma inayoshikilia bawaba. Kinyume akaita mbali. Shemeji akapiga hatua moja ya nyuma, na shingo yake ikageuka. Kioo kikatetemeka.

"Usigeuke," akasema Kinyume.

Akaita mbali tena. Hatua, na shingo ikageuka tena, upande wa pili. Kioo kikalia kwa ndani, mlio mwembamba ambao kila fundi anaujua na hakuna anayeupenda. Wakataji wakaacha kukata. Fundi wa fremu akasogea. Jasho lilikuwa linamtoka Shemeji likaingia machoni, na hakuwa na mkono wa kujifutia. Kinyume akamwongoza hatua kwa hatua, mbali, mbali, sauti yake haikuwa nzuri kama ya mwenzake lakini ilikuwa imetulia. Akaita karibu. Shemeji akasimama kabisa.

"Nguzo iko wapi?" akauliza.

"Iko nyuma yako. Rudi, nitakuita."

"Utaita kweli, shemeji?"

Jamani, karakana nzima ilisikia. Hata dereva aliyekuwa juu ya lori alisikia. Hilo si swali la fundi vioo. Fundi ambaye maisha yake yote ameita na hakuna siku ameacha kuita, kwa nini awaze kwamba mtu anaweza kunyamaza? Fundi wa fremu alimtazama tajiri. Tajiri alimtazama Shemeji. Kinyume ndiye hakumtazama mtu, macho yake yalikuwa njiani kama alivyofundishwa.

Na ujue kitu kimoja. Alikuwa na nafasi. Kunyamaza tu, hatua mbili, na yule bwana angegonga chuma na kioo cha hoteli kingemwagika juu yake. Angeweza hata kusema ameita. Wazo lilipita, alikuja kumwambia mkewe, lilipita kama mtu anavyopita nje ya dirisha.

"Rudi," akasema. Shemeji akarudi hatua moja, ya pili akiburuta mguu.

"Klosi," akaita Kinyume.

Shemeji akasimama. Kati ya mgongo wake na nguzo kulikuwa na upana wa kiganja. Wakazunguka, wakatoka, wakapakia. Kioo kilipolala juu ya mablanketi ndani ya lori, salama, Kinyume akavua glavu na kuuliza, taratibu, ila wote walikuwa wamekaribia:

"Umenisikia nilipoita?"

"Nimekusikia."

"Na mimi ningekusikia."

Shemeji akainamisha kichwa. Hakukana, hakuapa, meno yake yote yalikuwa ndani. Tajiri akaenda ofisini, na muda si mrefu akamwita Shemeji huko na kufunga mlango. Yaliyosemwa humo hayakuhitaji ukuta mwembamba. Alipotoka hakuwa msimamizi tena.

Jioni mdogo wake alikuja, mtoto mgongoni. Alikuwa ameshasikia, habari kama hizi hazingoji mtu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema kaka, mimi nilikuuliza. Kinyume akasema ndiyo, uliniuliza. Akasema nilicheka, kaka, nilicheka na wageni. Akalia kilio cha kimya, mtoto akichezea hereni yake, na mke wa Kinyume akamfuata akawakumbatia wote wawili. Kinyume alikuwa amemficha ukweli kwa kumpenda, na ndiyo hivyo tena.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Hata karakanani walidhani hivyo. Kesho yake walimpokea kwa utani, wakamwambia meza ya puti imemchoka, tajiri mwenyewe akamwomba arudi kwenye kazi yake. Fundi wa fremu, na kidole chake kilichofungwa, akang'ang'ania kwamba kioo cha kwanza lazima wabebe pamoja. Kilikuwa kioo cha dirisha tu, si kikubwa. Wakashika. Kinyume akatabasamu, akatanguliza kisogo kama zamani. Fundi wa fremu, mtu mnyoofu, mtu ambaye hajawahi kumsingizia hata paka, akamkazia macho na kuita mbali.

Kinyume akarudi hatua moja, na shingo yake ikageuka.

Akashtuka. Akarekebisha miguu, akaomba aitwe tena. Mbali. Akauma meno, akakaza shingo, na ikageuka vilevile. Nyuma yake hapakuwa na kitu, uwanja mtupu mpaka ukutani. Macho ya mwenzake yalijaa maji. Wakakishusha kioo chini polepole, wakakiegemeza.

Kinyume akavua glavu, akaziweka moja juu ya nyingine. Kisha akaenda kwenye meza ya puti, akakivuta kiti chake mpaka mgongo ukaugusa ukuta, akakaa, akaanza kazi.